Yule Aliyerudi na Yule Asiyerudi

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, chini ya kitanda au juu ya kabati, kimo kisanduku ambacho hakifunguliwi ovyo. Kwetu Jorodom, chini ya Mlima Hanang, kisanduku hicho kilikuwa cha bati, na mama yetu alikifungua mara moja tu kwa mwaka, mahindi yakiisha kuingizwa ghalani. Ndani yake mlikuwa na barua moja, kifungo kimoja cha shaba, na karatasi yenye muhuri iliyoletwa na tarishi wa chifu mwaka 1945. Hivyo ndivyo vitu vyote vilivyosalia vya mjomba wetu, mdogo wake mama wa tumbo moja, aliyekwenda vitani akiwa hajaoa.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, upande mmoja wa mlima ule ulimeguka. Tope, mawe na magogo viliporomoka vikaikumba Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Dada yangu mkubwa alinusurika kwa sababu alikuwa amelala kwa binti yake, juu kidogo ya mkondo wa tope. Nyumba yake haikunusurika. Nilipofika kutoka Dar es Salaam nilimkuta shuleni, pamoja na wengine waliokosa makazi, amekaa kwenye mkeka na blanketi begani. Watu walikuwa bado wanachimba kutafuta maiti, nami niliona aibu hata kuuliza habari za kisanduku. Akanieleza mwenyewe. "Mdogo wangu," alisema, "mjomba amekufa mara ya pili."

Sikuwa na jibu. Makala haya yametokana na kutafuta jibu hilo, na nakuomba unistahimilie, maana njia yake ilinipeleka mbali na Jorodom: hadi kisiwa cha Trinidad, hadi anga ya Berlin, kisha ikanirudisha mlangoni pa kiwanda nilichofanyia kazi ujana wangu.

Nianze na mjomba. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, vijana wa Tanganyika zaidi ya 80,000 waliingizwa jeshini, wengine kwa hiari, wengine kwa kutajwa na wakubwa wao. Mjomba alikuwa miongoni mwao. Alitoka kwetu kwa miguu, akapelekwa Arusha, kisha Kenya, halafu akavushwa bahari hadi Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, na hatimaye Burma. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani katika Bonde la Kabaw mwaka 1944, wakati wa masika ya nchi ile, mpaka mwezi Desemba ilipofika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Barua iliyokuwa kisandukuni iliandikwa kwa niaba yake na askari mwenzake aliyejua kalamu, kwa Kiswahili cha jeshini, na mwalimu wa misheni ndiye aliyemsomea mama. Ilisalimu watu wote kwa majina na ng'ombe wawili kwa rangi zao. Ilisema kuwa huko waliko tope linafika magotini na magari yanavutwa kwa kamba. Ilimaliza kwa kusema kwamba akirudi ataoa.

Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi. Mimi nilizaliwa baada ya vita nikapewa jina lake.

Jambo moja la mama sikulielewa nilipokuwa mtoto. Tulipokuwa tukila ugali na maziwa mgando, alikuwa akisema, "Mjomba wenu anayapenda hivi." Alisema anayapenda, hakusema aliyapenda. Sisi tulikua, tukaota ndevu, tukaoa, tukapata mvi. Mjomba hakuongezeka hata siku moja. Alibaki kijana yule yule anayepita kwenye njia ya kisimani akiimba. Mama alipofariki akiwa bibi kizee, mdogo wake alikuwa bado na miaka 20, na kila mara swali lake lilikuwa moja: je, alikuwa na mtu karibu yake? Wala hakuna aliyeweza kumjibu.

Baada ya maafa yale ya Hanang, mjukuu wangu anayesomea sheria alichukua kazi ya kumtafuta mjomba katika orodha za majina ya waliokufa vitani. Alinieleza kuwa katika makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na mji wa Yangon, upo ukumbusho mkubwa wenye majina ya wanajeshi karibu 27,000 wasiokuwa na kaburi linalojulikana, na miongoni mwao wamo wana wa Afrika Mashariki. Tulikaa usiku kucha tukisoma. Makarani wa Kizungu waliandika majina ya kwetu kama masikio yao yalivyosikia, na sote tunajua jinsi wengine wanavyoyasikia majina ya Mbulu! Tulipata majina matatu yanayofanana na la mjomba, na hatukuweza kuchagua.

Ndipo kijana wangu, kwa kuwa mawazo ya mwanasheria huelekea mahakamani hata usiku wa manane, akaniuliza: "Babu, wewe uliwahi kumsikia Jaji Ulric Cross? Naye alipigana vita hiyo, angani, katika ndege za mabomu. Halafu akawa jaji hapa kwetu."

Nilimwambia arudie jina hilo.

Msomaji, mwaka 1969 nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam. Wale waliofanya kazi miaka ile watakumbuka kwamba sheria ya mwaka 1967 iliunda baraza la kudumu la kuamua migogoro ya kazi. Makubaliano ya mishahara baina ya chama cha wafanyakazi, NUTA, na mwajiri yalipaswa kupelekwa mbele yake kabla hayajapata nguvu ya sheria. Baraza nalo lilitazama kama yanaafikiana na sera ya Serikali, iliyotaka nyongeza isizidi asilimia 5 kwa mwaka. Mkataba wetu ulipita huko ukasajiliwa. Siku tuliposomewa katika mkutano wa tawi, jina la mwenyekiti wa baraza lilitajwa, na mwenzetu mmoja aliyejua Kiingereza alitueleza kwamba jina hilo maana yake ni msalaba. Tangu hapo kwetu sisi alikuwa "Jaji Msalaba". Tulicheka, tukarudi kwenye mitambo. Tulidhani ni bwana mkubwa mmoja aliyeletwa kutoka ng'ambo pamoja na vitabu vyake, mtu ambaye maisha yake yote ameyatumia katika kivuli na kiti chenye mto.

Sasa sikiliza maisha yenyewe yalivyokuwa.

Philip Louis Ulric Cross alizaliwa Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, tarehe 1 Mei 1917. Watu wa visiwa vile, kama ujuavyo, wengi ni wajukuu wa Waafrika waliosombwa utumwani. Mama yake alifariki angali mvulana wa miaka 13. Alikuwa na akili sana shuleni, lakini akili katika koloni haikumfungulia mtu milango mingi: alifanya kazi katika gazeti, akawa karani kwa wakili, akafanya kazi ya ofisi katika shirika la reli. Kama angebaki hapo pengine angestaafu na saa ya mfukoni. Lakini vita vilikuja, na mwaka 1941 aliomba mwenyewe kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Miaka mingi baadaye alieleza sababu zake bila kujipamba. Aliona ufashisti unaimeza dunia, na hapo hapo alikuwa kijana anayetamani kufanya jambo, akitaka kutoka mahali ambapo hakuona njia ya mbele. Mimi napenda jibu hilo kwa kuwa lina sababu mbili. Mtu anayekwambia alikwenda vitani kwa sababu moja tu, mtazame vizuri.

Kabla ya Oktoba 1939 asingepokewa. Kanuni ilitaka maafisa wa jeshi lile wawe watu wa asili ya Ulaya. Vita vilipoanza na watu wakahitajiwa, kizuizi hicho kiliondolewa kwa muda wa vita. Hapo utaona jinsi shida inavyoweza kumfundisha mtu adabu aliyokataa kujifunza wakati wa raha. Vijana wa Kiafrika na wa visiwa vya Karibi wapatao mia kadhaa waliruka na ndege za Uingereza katika miaka ile, na wengi wao hawakurudi.

Cross alifundishwa kwanza kazi ya simu za upepo, kisha akawa mwelekezi wa njia. Mwaka 1943 alikuwa katika Kikosi cha 139, kilichoitwa "Jamaica" kwa sababu watu wa Jamaica walichanga fedha za kununulia ndege za mabomu. Kikosi hicho kilitumia ndege aina ya Mosquito, yaani "mbu", na mbu huyo alikuwa wa mbao! Kiwiliwili chake kilitengenezwa kwa plaiwudi na mti mwepesi wa balsa, vikaunganishwa kwa gundi, kazi ambayo mafundi wa samani waliijua vizuri. Alikuwa na injini mbili zenye nguvu, na ile ya kubeba mabomu haikuwa na bunduki hata moja. Silaha yake ilikuwa mbio. Watu wawili tu ndio walioingia humo, wamekaa bega kwa bega kama dereva na utingo wake: rubani kushoto, mwelekezi wa njia kulia.

Yafaa tuitazame kazi hiyo ya mwelekezi, maana watu wengi wakisikia habari za ndege humfikiria rubani peke yake. Usiku ule, nchi yote chini imezimwa taa, wala hakuna barabara, mto au mlima unaoonekana kwa hakika. Mwelekezi ana ramani magotini, kalamu ya risasi, saa, dira, na kitaa kidogo kisichoruhusiwa kuvuja mwanga. Anapaswa kuujua upepo asiouona. Ikiwa upepo unaisukuma ndege ubavuni kwa mwendo wa maili 60 kwa saa naye hakuuhesabu, baada ya saa moja wako maili 60 nje ya njia, na wasipojua hivyo watakwenda kufia baharini mafuta yakiwaishia. Ana vyombo vya kumsaidia, lakini adui anajitahidi kuvivuruga. Adui huyo huyo anawasha mioto ya uongo mashambani ili mabomu yatupwe huko. Na baadaye kikosi chao kilipoingizwa katika kundi la watangulizi, ilibidi wafike kwanza, kabla ya wengine wote, wadondoshe taa za rangi za kuonyesha shabaha, ili mamia ya ndege zilizo nyuma zizifuate. Akikosea yeye, wamekosea wote. Hesabu hiyo aliifanya huku kurunzi kubwa zikiwatafuta na mizinga ya kutungulia ndege ikipasuka kando yao.

Hapo mwanzo kikosi chake kilishambulia mchana, kikiruka chini sana, karibu kugusa miti. Safari moja walirudi Uingereza na injini moja tu, na katika kutua ndege iliwaponyoka ikaangukia katika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Rubani na mwelekezi wake walitoka hai. Desturi ilikuwa kwamba mtu akimaliza safari 30 hivi hupumzishwa. Cross alipofikisha hesabu yake aliombwa apumzike, akakataa. Akaendelea, akaombwa tena, akakataa tena. Alikwenda vitani mara 80, na zaidi ya mara 20 kati ya hizo ilikuwa juu ya Berlin yenyewe. Walimpa nishani mbili za ushujaa, DFC na DSO, na cheo cha Skwadroni Lida, ambacho katika jeshi la nchi kavu ni sawa na meja.

Hapa lazima niwe mkweli. Yeye alikuwa shujaa, lakini vilevile alikuwa na bahati. Mosquito zilirejea salama mara nyingi zaidi kuliko ndege nzito, kama ile Lancaster iliyobeba watu saba na kwenda polepole. Ukiwachukua wote walioruka na ndege za mabomu za Uingereza katika vita hiyo, walikuwa 125,000 hivi. Waliokufa ni 55,573. Ni kama kusema kati ya kila vijana tisa wanaokaa pamoja mezani kwa chai, wanne watakufa. Wengi wao walikuwa na miaka 20, 21, 22. Asubuhi kitanda kinakutwa hakijalaliwa, karani anakuja kukusanya viatu, wembe, picha na barua, vinatiwa kisandukuni na kupelekwa kwa mama yake. Kisanduku tena! Nilipolisikia hilo nilimwambia mjukuu wangu asimame kidogo.

Na wale waliokuwa chini? Hilo nalo tusiliruke, hasa katika kurasa hizi zinazosomwa na akina mama na watoto. Mabomu yale hayakuangukia viwanda na vituo vya reli peke yake. Mwezi Julai 1943 mji wa Hamburg ulishambuliwa usiku baada ya usiku mpaka moto ukawa kama kimbunga, na watu zaidi ya 30,000 wakaangamia, wengi wao wakiwa katika mahandaki ya chini ya nyumba zao, familia nzima nzima. Sisi wenyewe tulionjeshwa kidogo. Mwezi Machi 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya ilitumwa kuja kupiga Mwanza; ikakosa shabaha yake, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala wa hifadhi. Watu wa Mwanza waliweza kucheka baadaye kwa sababu ni swala. Mwelekezi wa ndege ile alikosea hesabu, na kosa lake lilikuwa neema kwetu. Kwa hiyo nisemapo kwamba Cross alikuwa hodari katika hesabu zake, najua uhodari huo uliwafikia watu gani. Ninaamini ufashisti ulipaswa kushindwa, maana watu wa rangi yangu na yake wasingekuwa na nafasi katika dunia yake. Siamini kwamba imani hiyo inamfanya mtoto wa Hamburg kuwa adui.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima usingizi.

Vita vilipokwisha kijana yule alikuwa na miaka 28. Angekufa katika safari ya 7, au ya 31, au katika yale machimbo ya mawe, jina lake lingechongwa kwenye jiwe, na nyumbani kwao Port of Spain angebaki kijana milele, kama mjomba wetu. Hatungemkosa, maana hatungejua kwamba yuko wa kukoswa. Lakini alirudi, akasoma sheria London, akaitwa katika uwakili mwaka 1949. Alitengeneza vipindi katika shirika la utangazaji la BBC. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 aliona mahali pake ni Afrika, akaenda kuwa mwanasheria wa serikali huko na kufundisha sheria. Kutoka huko alikwenda Cameroon, akawa Mwanasheria Mkuu upande wa magharibi wa nchi ile. Na mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, akaja kwetu kuwa Jaji wa Mahakama Kuu, akakaa hadi mwaka 1971, na katika muda huo akaongoza lile baraza la migogoro ya kazi.

Hivyo basi, karatasi ya mshahara wangu wa mwaka 1969, niliyomtumia mama Jorodom sehemu yake akanunue bati la jikoni, ilipita mikononi mwa mtu aliyehesabu upepo juu ya Berlin. Mtu aliyezoea kujua kwamba kosa dogo la mwelekezi huwaangukia watu wasiomjua. Sitaki kudai kwamba hilo lilimfanya awe jaji mwema. Wanasheria wanazo hukumu zake na wanaweza kuzipima. Nasema tu kwamba kazi ile ilihitaji mtu, na mtu huyo alipatikana kwa sababu mzinga mmoja wa Kijerumani ulipasuka hatua chache pembeni badala ya mahali alipokuwa.

Nikaanza kufanya hesabu ya kipuuzi, ambayo mjukuu wangu alinikataza. Wale 55,573: kati yao majaji walikuwa wangapi? Waganga wangapi, mafundi, walimu wa hesabu, waume wema, walevi? Na katika majina 27,000 ya Taukkyan? Na Jorodom yetu, mjomba angekuwa nani? Alijua ng'ombe, alijua nyimbo, na barua ile inaonyesha alikuwa na kumbukumbu kali, maana hakusahau jina hata moja. Pengine angekuwa mzee wa baraza, mtu wa kuamua ugomvi wa mipaka na mahari. Pengine angekuwa mgomvi mwenyewe. Mama hakuwahi kumwaza hivyo. Alimwombolezea kijana wa miaka 20, na siku zote nami nilidhani ndiye tuliyempoteza. Sasa naona kwamba huyo wa miaka 20 tulikuwa naye muda wote, mama alituhifadhia. Tuliyempoteza ni yule wa miaka 30, wa 50, wa 70, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyepata kumwona.

Kuna siku nyingine ninajilaumu. Katika miaka ile minne tuliishi mji mmoja, mimi na Jaji Cross. Labda tulipishana Barabara ya Samora, ambayo wakati huo iliitwa Independence, yeye katika gari na mimi kwa miguu. Ningejua, ningethubutu kumsubiri nje ya mlango, nikavua kofia nikamwambia: "Mzee, mama yangu yuko Jorodom chini ya Mlima Hanang. Mdogo wake aliitwa katika vita hiyo hiyo, upande mwingine wa dunia, bila nishani. Anauliza kama mtu anayekufa kule huwa na mwenzake karibu." Angenijibu nini? Ndege yake ilikuwa na viti viwili, bega kwa bega. Nadhani angelielewa swali hilo kuliko mtu mwingine yeyote wa Dar es Salaam. Lakini mfumaji wa miaka 22 hamsimamishi Jaji wa Mahakama Kuu, na mimi sikujua la kuuliza.

Aliondoka kwetu mwaka 1971, akarudi Trinidad, akawa jaji huko na baadaye katika Mahakama ya Rufani, na kuanzia mwaka 1990 akaiwakilisha nchi yake London kama Balozi, katika mji ule ule alikosomea sheria. Mwaka 2011 kituo cha ndege za ulinzi huko Piarco kilipewa jina lake. Alifariki Port of Spain tarehe 4 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 96.

Mwaka uliofuata maafa nilipanda basi kwenda Hanang. Dada yangu alikuwa amehamia katika nyumba mpya, mbali na mkondo, na kutoka barazani kwake unaona lile kovu jekundu ubavuni mwa mlima. Majani yalikuwa yameanza kuliziba. Nilimsimulia habari hii yote, jioni nzima, kwa lugha ya nyumbani, na ilinibidi nitafute namna ya kumweleza ndege ya mbao. Hakunikatiza. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyeguswa na mikono ya mjomba, kwa kuwa alikuwa mtoto mchanga alipoondoka, na mama alikuwa akisema mjomba alimpakata asubuhi ile mpaka walipoitwa kupanga mstari.

Nilipomaliza, aliuliza maswali mawili tu.

"Huyo wa kwenye ndege, alizaa?"

"Alizaa, dada. Ana watoto."

"Na alikufa na umri gani?"

"Miaka 96."

Alinyamaza akihesabu kwa vidole, kama mama alivyokuwa akihesabu magunia. Kisha akavuta kigoda kilichokuwa wazi kando yake, akakifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akakisogeza karibu na ukuta, mahali ambapo upepo wa mlimani haufiki.

"Hata mjomba angefika huko," alisema. "Angekaa hapo."